Tundu Nililolitoboa kwenye Tanuri la Idi

Mheshimiwa Naibu Wali wa Ibra. Sheikh Khalaf bin Hamdun, mkubwa wa mtaa wetu. Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wenzangu wote. Mzee wangu Marhun bin Saif, uliyekubali kuletwa hapa juu ya kiti chako na vijana wanne. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Nizwa, Sur na Al Mintirib. Mabibi mlioko upande wa pili wa pazia, ambao najua mnasikia zaidi kuliko sisi. Na nyinyi wanafunzi wangu, wa zamani na wa juzi: Assalaamu alaykum.

Leo ni Alhamisi, tarehe nne Septemba, mwaka 1986. Nilitoka Unguja mwezi wa Aprili 1964. Imetimia miaka ishirini na miwili na miezi mitano. Katika muda huo miaka saba na miezi minane niliimaliza Mombasa na Kuwait, na iliyobaki, miaka kumi na minne na miezi tisa, nimeimaliza hapa Omani, mjini Ibra, nikifundisha hesabu na Kiingereza katika skuli ya wavulana. Mnisamehe kwa kuhesabu. Kazi hiyo ndiyo niliyostaafu.

Nimeomba ruhusa nizungumze Kiswahili, na Naibu Wali amenikubalia. Yeye, Sheikh Khalaf, mzee Marhun na wengine wasiokijua watatafsiriwa na Bwana Nadhir, mwalimu mwenzetu, ambaye amezaliwa Bujumbura na Kiswahili chake mnakijua. Nikimwona Sheikh anacheka kabla sijafika penye kichekesho, nitajua Nadhir ametia maneno yake.

Ndugu zangu, kadi mliyonipelekea imeandikwa kuwa shughuli hii ni ya kuniaga kazini. Lakini nimepita sokoni, nimepita msikitini, na kila anayenishika mkono ananiuliza, "Mwalimu Thabit, unaondoka lini?" Abdullatif, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja Jumamosi na utepe wa kupimia kuta za nyumba yangu. Sikumlaumu. Khabari za kwamba nimeitwa anazo, na ni za kweli. Dada yangu Shukriya, mtu wa pekee niliyebaki naye katika tumbo la mama, yuko Unguja katika nyumba ya wazee wetu, Malindi. Ameniandikia kwamba chumba cha juu amekipaka chokaa, kitanda cha samadari amekitengenezesha, na kwamba sasa milango imefunguliwa, mtu anaweza kurudi. Ana umri wa miaka sitini na tisa. Hana mtoto. Anataka jibu, na jibu nimelichelewesha tangu mwezi wa sita. Nitalitoa leo, mbele yenu, kabla sijakaa, kwa sababu nyinyi mmo ndani ya jibu hilo. Lakini kwanza nistahimilieni nikuelezeni jambo la zamani, ambalo wakubwa wanalijua na wadogo wamelisikia likiwa limeongezwa chumvi.

Nilipofika hapa mwisho wa mwaka 1971, mimi na mke wangu Ghaniya, tulikuwa wageni. Neno hilo linauma, maana babu yangu alizaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ukumbi huu. Lakini nani alikuwa hajui kwamba sisi ni wageni? Kiarabu changu kilikuwa cha kitabuni. Nikimwambia mtu "naomba maji", ananitazama kama aliyesomewa khutba. Ghaniya akitoka na kanga yake, watoto wanamfuata mpaka mlangoni.

Na Idi yangu ya kwanza hapa, Mola anajua, hakuna mtu aliyewahi kukirimiwa namna ile. Nilikalishwa juu ya zulia. Kahawa nikaanziwa mimi, halua nikaanziwa mimi. Wanaume walipotoka uwanjani kucheza razha, na panga zao zinang'aa, nikasimama na mimi nijipange katika safu. Mtu mmoja akanishika bega kwa upole, akaniambia, "Pumzika, ustadh." Nikaenda kusaidia kubeba kuni za tanuri. Nikapokonywa kuni. "Pumzika, ustadh." Idi nzima nilipumzika. Jioni ya siku ya nne nikamwambia Ghaniya, "Mwenzangu, mimi nimechoka kwa kupumzika." Akanijibu, "Na mimi je? Nimekula mafungu ya wanawake kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyeniachia nioshe kijiko."

Je, mnaona kwamba nalalamika? Silalamiki. Nataka mjue hali ya mtu aliyekaribishwa sana.

Mwaka uliofuata, Idi ya Mfunguo Tatu, yaani Idi Kubwa, ilikuwa mwezi wa Januari 1973, wakati wa baridi. Nilikuwa nimeshamzungukia mzee Marhun miezi miwili. Kwa wageni wetu wa mbali nieleze: tanuri la mtaa wetu ni shimo lenye kina kupita kimo cha mtu, limejengwa kwa mawe. Humo hutiwa kuni mpaka ziwe makaa mekundu, kisha kila nyumba hutumbukiza nyama yake ya shuwa, iliyokwisha kupakwa viungo na kufungwa majani, ndani ya kanda la makuti ya mtende. Kila kanda lina kibati chake chenye alama, ili kila mtu ajue lake. Makanda yote hutupwa kwa pamoja, kifuniko cha chuma hushushwa, na udongo mbichi hupigwa pembeni mpaka pasitoke hata uzi wa moshi. Kazi ya udongo ni ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mzee Marhun, miaka ishirini na saba, na kabla yake baba yake.

Nikamwambia, "Baba Marhun, nipe kazi yoyote." Akanitazama mikono yangu, akacheka. "Mikono ya chaki hii." Lakini alikuwa na huruma. Akanipa ndoo moja ya udongo na upande wa mashariki wa kifuniko, kiasi cha dhiraa moja. Nikaupiga udongo ule kama mtu anayeandika waraka wa mtihani. Akaja, akaupitisha kidole, akasema, "Haya. Si mbaya." Nyinyi hamjui furaha niliyoipata.

Wenzangu wote wakaondoka kwenda uwanjani, ngoma zilikuwa zimeshaanza. Mimi nikabaki nyuma kuosha mikono. Nikageuka kulitazama tanuri. Hakuna moshi. Nikazunguka. Hakuna moshi kabisa.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa ambalo mtu wa Ibra hawezi kulifanya hata akilazimishwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa na shamba Kizimbani, na mikarafuu iliyozeeka akiichoma makaa. Nilikua pembeni ya tanuri la makaa. Tanuri lile hufunikwa kwa majani na udongo, na pembeni huachwa vitundu, ili moto upumue. Usipoacha kitundu moto unakufa, na kuni za wiki tatu zinapotea. Babu alikuwa akinituma mimi, mtoto wa miaka tisa, nizunguke na kijiti, nikiona penye ubaridi nitoboe. Hiyo ndiyo elimu ya tanuri niliyokuja nayo hapa. Nikajiambia, hawa jamaa wamesahau. Furaha ya Idi imewashughulisha. Nyama ya mtaa mzima itatoka mbichi, na hapa nimesimama mimi peke yangu ninayejua.

Nikachukua uti wa kuti la mtende, nikatoboa upande wa mashariki tundu la upana wa kidole gumba. Moshi mwembamba ukatoka. Nikafurahi. Nikaenda uwanjani nikasimama pembeni, nikiwatazama watu wanacheza, na moyoni nasema: hawajui, lakini mgeni wao amewaokolea Idi.

Siku ya nne ya Idi asubuhi, siku mbili baadaye, tanuri likafukuliwa. Wanaume, wanawake na watoto wako pale, kila nyumba na sinia lake. Kifuniko kikainuliwa, na mzee Marhun akainama kuvuta kanda la kwanza kwa ndoana. Ndoana ikarudi tupu. Akavuta tena. Kulikuwa na majivu, na mifupa myeupe. Lile tundu lilikuwa limevuta hewa siku mbili usiku na mchana, na makaa yameshika moto upya. Makanda kumi na moja yaliungua yote. Kilichosalia ni vibati. Mzee Marhun akaviokota kimoja kimoja, akavipangusa kwa kilemba chake, akamkabidhi kila mwenye nyumba kibati chake. Bibi Wadha, ambaye yuko nyuma ya pazia na asijifanye hayupo, alikuwa mjane, na mbuzi yule mmoja alimlea ndani ya ua wake tangu anyonye. Alipokea kibati chenye alama tatu, akakitia chini ya sinia tupu, akaondoka.

Kisha mzee Marhun akasema, "Udongo ni wangu. Nimezeeka. Mwakani atafutwe mtu mwingine."

Nilisikia maneno yale kwa masikio yangu. Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye tundu langu, ambalo sasa lilikuwa kubwa kama kisahani cha chai. Nikawapa watu mgongo. Nikenda nyumbani.

Ghaniya akanitazama uso, akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Akashika kichwa. "Umetoboa? Wewe Thabit, umetoboa tanuri la watu?" Nikamwambia, "Nilidhani wamesahau." Akasema, "Wamesahau! Watu wanaopika nyama hii tangu babu wa babu yako hajazaliwa, wamengojea utoke Malindi uje uwakumbushe! Inuka uende ukaseme. Usiposema wewe, nitasema mimi kwa wanawake, na mimi sitalisema kwa adabu."

Nikenda. Wanaume walikuwa katika sabla, baraza yao, baada ya sala ya adhuhuri, na wanazungumzia nani ashike udongo mwakani. Mzee Marhun yuko pembeni, kichwa chini. Nikasimama mlangoni na Kiarabu changu cha kitabuni, nikasema, "Enyi mabwana watukufu, hakika mimi ndiye niliyetoboa."

Sheikh Khalaf, ambaye siku hizo ndevu zake zilikuwa nyeusi, akauliza, "Ulitoboa nini?"

"Tanuri."

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza habari za Kizimbani, za babu, za mikarafuu, za moto kupumua. Nilipomaliza, mtu mmoja kule nyuma akasema, "Basi bwana huyu ametutengenezea makaa." Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Wote isipokuwa mmoja.

Mzee Marhun aliinuka. Yule mzee mpole aliyenipa ndoo ya udongo aliinuka akanijia mpaka pua yake inagusa yangu, akanipigia kelele. "Ewe mtu! Huna akili? Miaka ishirini na saba udongo wangu haujatoa hata jasho! Nikakupa dhiraa moja, dhiraa moja tu, ukaitoboa! Tangu asubuhi nimekaa hapa najiuliza mkono wangu umekuwaje! Kama hujui si uulize? Ulimi huna?" Akaendelea hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama kama mwanafunzi, natazama vidole vya miguu yangu.

Na Bibi Wadha alipopata khabari hakungoja. Alikuja mpaka mlangoni kwangu alasiri hiyo hiyo, akagonga kwa fimbo. "Yuko wapi huyo aliyekula Idi yangu bila kuionja?" Nikatoka. Nikamwambia nitamletea mbuzi mwingine. Akasema, "Mbuzi mwingine ninaye mwenyewe, amezaliwa wiki iliyopita. Simtaki mbuzi wako wa sokoni, nani anajua amekula nini. Wewe utamletea majani mbuzi wangu, kila asubuhi, mpaka Idi."

Nikampelekea. Wanafunzi wangu wa mwaka ule, ambao baadhi yao leo ni madaktari na maofisa, wanakumbuka mwalimu wao wa hesabu akipita kando ya falaji, mfereji wetu wa maji, kila alfajiri na shati jeupe, tai shingoni, na mzigo wa majani kichwani. Siku moja mbuzi yule alinitafuna tai mpaka nusu, nami nikaingia nayo darasani kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Bibi Wadha alikuwa akikagua majani. "Haya ya jana. Rudi." Nilikuwa narudi.

Sasa niulize: Idi iliyofuata, kuna mtu aliyeniambia "Pumzika, ustadh"? Hakuna hata mmoja. Niliitwa kwa jina langu, kwa sauti, kutoka upande wa pili wa mtaa: "Thabit! Kuni ziko wapi?" Uwanjani nikasukumwa katika safu, na jirani yangu akanikanyaga kwa kuwa nimekosea hatua. Kwenye tanuri mzee Marhun aliniamrisha nisimame na mikono nyuma, na akaweka mtu wa kunilinda. Miaka mitatu nilikoroga udongo bila kuruhusiwa kuupiga. Mwaka wa nne akanirudishia dhiraa yangu ya mashariki. Na tangu mgongo wake ulipomshinda, mwaka 1980, kazi ya udongo ni yangu. Nilikirimiwa Idi moja, nikaadhibiwa Idi moja, na ya pili ndiyo iliyonifanya mtu wa hapa.

Nije sasa kwenye mwezi wa sita wa mwaka huu. Nilikwenda Unguja, mara ya kwanza tangu 1964, nikafikia Idi Ndogo kwa dada yangu. Sitaeleza machozi. Nyumba ipo. Ngazi ni zile zile, na mguu wangu ulijua lipi kati ya madaraja lililopungua kimo kabla jicho halijaona. Watu wa mtaa, watoto wa watu niliosoma nao chuo cha Kurani, walinipokea kwa heshima kubwa. Nikakalishwa mbele. Nikaanziwa chai.

Usiku wa kuamkia Idi dada alikuwa na chungu cha bokoboko cha kulisha mtaa, na alfajiri nilimwomba anipe mwiko. Akasita, akanipa, akaenda kuvaa. Mimi nikakoroga, nikasikia takbiri kutoka msikitini, na sijui akili yangu ilikwenda wapi. Nilipozinduka, bokoboko limeshika chini. Harufu ya kuungua imejaa uani.

Likapakuliwa hivyo hivyo. Watu walikula wakanambia, "Tamu kabisa, baba." Mtu mzima mmoja akaomba aongezewe, na mimi naona anavyomeza. Nikamtazama dada yangu. Shukriya, ndugu zangu, ndiye aliyenilea. Mwiko ule ule alikuwa akinipigia nao mgongoni nikichovya kidole katika chungu. Nilipokuwa na miaka kumi niliunguza sufuria ya maziwa, akanifukuza mpaka ufukweni, na mtaa mzima unacheka. Nikamngojea aseme. Alionja kijiko kimoja. Akanitazama. Akasema, "Umepika vizuri, Thabit. Ahsante."

Ninamlaumu? Vipi nimlaumu? Alikuwa ananiogopea. Aliogopa akinena neno moja nitaondoka. Angenipenda vipi zaidi ya hivyo? Lakini nilikwenda juu, katika chumba kile kilichopakwa chokaa, nikakaa juu ya kitanda, na nikajua kwamba miaka ishirini na miwili imepita kweli. Mpaka asubuhi ile nilikuwa sijaamini. Siku ya kuondoka ndipo aliponiuliza, "Utarudi?" Nami, ambaye nimewafundisha watoto kwamba suali likiulizwa wazi hujibiwa wazi, nikasema, "Nitakuandikia."

Nimeandika barua sita. Zote nimezichana. Katika moja nilisema afya. Katika moja nilisema nyumba yangu na wajukuu wangu wa hapa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa jibu. Mwezi uliopita, Idi Kubwa, nikapiga udongo wa tanuri letu nikiwa na mawazo hayo kichwani, na Bibi Wadha, ambaye sasa haoni vizuri, alipapasa kwa mkono akapiga kelele mbele ya watu wote: "Mwepesi! Udongo gani huu? Mzee mzima, hujajifunza tu?" Nikaubandua wote nikapiga upya, na watu wanangoja, na watoto wananung'unika. Nilikuwa nimepiga magoti pale chini, jasho linanitoka, natukanwa. Mke wangu anasema aliniona nacheka peke yangu.

Abdullatif, kunja utepe wako. Kuta zile zitabaki na mimi.

Kwa dada yangu nitakwenda kila mwaka madhali nina pumzi, na nitakaa anaponiweka, na nitakula anachonipa. Nitamwambia pia kwamba bokoboko liliungua, na kwamba nilijua anajua. Huenda akakasirika. Naomba akasirike.

Naibu Wali, nakushukuru kwa kunivumilia katika lugha isiyokuwa yako. Mzee Marhun, nakushukuru kwa dhiraa moja ya udongo, na zaidi kwa kelele za siku ile. Walimu wenzangu, wanafunzi wangu, mabibi, ndugu wageni, nimekuchukulieni alasiri nzima, na nyinyi mmenisikiliza bila mtu kutazama saa. Mungu akulipeni kheri. Barua ya saba nitaiandika leo, na itakuwa fupi.

Unguja sitarudi.